Mpika Vitumbua Asiyechelewa

Hapo zamani, kabla saa za ukutani hazijaingia katika majumba ya pwani, mji wa Pongwera ulitawaliwa na Sultani Mwengoma, mtu mwema akishiba, lakini mwenye kupenda kuamuru kuliko kutenda. Siku moja akatoa amri, ikapigiwa mbiu mji mzima: "Kila mwanamume awe barazani jua lichomozapo. Atakayechelewa atafukuzwa mjini yeye na mkewe, na nyumba yake ivunjwe." Yeye mwenyewe, kwa kawaida yake, hufika barazani jua limesimama utosini. Hakuna aliyethubutu kulitaja hilo.

Basi palikuwa na mpika vitumbua, jina lake Feruzi, fukara wa kutupwa, asiye na kitu ila chuma cha vitumbua, kibanda cha makuti na mdomo wake. Asubuhi ya kwanza ya amri ile mji mzima uliamka kwa pupa, na mji mzima ukataka kifungua kinywa. Watu wakamzonga. Huyu anataka sita, yule kumi, na mtumishi wa jumba la Sultani naye akaleta kapu lijazwe. Feruzi akamimina unga, akageuza, akaepua, na kila akiinua macho aliona mbingu imezidi kupambazuka. Ikawa alipomaliza kulijaza kapu la Sultani, jua limekwisha panda na wenziwe wote wamekwisha keti barazani zamani.

Mkewe, Bi Mwatime, akaanza kufunga mzigo huku analia. "Mume wangu, umetuponza. Tutakwenda wapi na chuma hiki?"

"Usifunge kwanza," akasema Feruzi, ingawa naye aliogopa. Kibanda kile ndimo alimozaliwa, na kwingine hakujui. Akajitwika kapu, akaenda.

Askari wakamkamata mlangoni, wakamsimamisha na kapu lake katikati ya baraza, mbele ya kiti kitupu. Wakangoja, wakangoja tena. Ilipofika adhuhuri Sultani akaingia akipiga miayo, akaketi, akaelezwa habari, na mkono wake kwanza ukaenda kwenye kapu.

"Umechelewa," akasema, kitumbua mkononi.

"Maulana, nihukumu kwa neno lako, nami nitahama bila kinyongo," akajibu Feruzi. "Ila naomba kwanza tuijue maana ya neno hilo. Yupo hapa Mwalimu Shekuwe, ajuaye maneno yalikozaliwa."

Sultani alipenda aonekane mpenda elimu, akamwashiria mwalimu. Mzee yule akasafisha koo. "Kuchelewa, Maulana, kumetokana na kucha, yaani kupambazuka. Mtu akikutwa na mapambazuko angali amelala, husemwa kumemchelea, naye amechelewa. Hiyo ndiyo asili yake."

"Alhamdulillahi!" akasema Feruzi. "Basi mimi mapambazuko hayakunikuta. Mimi ndiye niliyeyangoja, nimekwisha washa moto na tui limekwisha chujwa. Mashahidi ni hawa wote, na ushahidi wanao tumboni."

Watu wakainama kuficha meno. Sultani akakunja uso. "Basi umekawia!"

"Kukawia ni jamaa ya kukaa, Maulana. Nami tangu alfajiri sijakaa hata kidogo. Viulize visigino vyangu."

"Umelimatia!"

"Sijalima, Maulana. Shamba sina."

Hapo Mwalimu Shekuwe akakohoa, kwani jibu lile halikuwa na elimu hata chembe. Lakini Feruzi alikwisha koleza moto, hakuwa wa kuzimika.

"Umebaki nyuma, basi!" akafoka Sultani.

"Nyuma ya nani, Maulana? Nilipofika, kiti chako kilikuwa kitupu."

Feruzi mwenyewe alijuta neno lile lilipokwisha kumtoka. Sultani akakirudisha kitumbua kapuni, akamgeukia waziri wake.

"Waziri Dahalani, leo kulipokucha mimi nilikuwa wapi?"

Waziri aliipenda sana shingo yake. Lakini alikuwa ameketi pale tangu macheo, hajatia kitu kinywani, na harufu ya hiliki ilikuwa imemtesa vya kutosha. "Kitandani, Maulana," akasema. "Tena ukikoroma."

Sultani akamtazama waziri, akalitazama kapu, mara akaangua kicheko hata kilemba kikamshukia puani. "Kumbe wa kuhama mji ni mimi!"

"La, Maulana, kawia kidogo," akasema Feruzi. "Vitumbua havijaisha."

Amri ile ikafutwa siku hiyo hiyo, na Bi Mwatime akafungua mzigo wake, sasa akilia kwa furaha. Sultani akamjengea Feruzi nyumba ya mawe, akamtaka ampelekee vitumbua vya moto kila siku. Nyumba Feruzi akaipokea kwa mikono miwili. Kupeleka akakataa: vya moto huliwa pale pale jikoni, kunapokucha, na ajaye baadaye hula vilivyopoa, awe nani awe nani. Sultani akaapa mbele ya baraza zima kwamba atafika kila alfajiri kwa miguu yake.

Na watu wa Pongwera husema kwamba hata siku Sultani alipoingia kaburini, alikuwa bado anakula vya baridi.