Jina Moja kwenye Kibali cha Thokozani

Tegeni masikio, maana mwisho wake nitawaachia nyinyi.

Katika mji wa Mkalanga palikuwa na hospitali ndogo iliyotengeneza miguu ya bandia. Fundi wake alikuwa mmoja tu, mama wa Kimalawi aitwaye Thokozani. Watu walifika kwake wakitambaa, wakaondoka wakitembea.

Mwaka mmoja kibali chake cha kazi kilikaribia kwisha. Sheria ilisema ada ya kibali hulipwa na mwajiri, si mfanyakazi. Daktari Mughanga, mkuu wa hospitali, hakuwa na fedha hizo.

"Kateni mshahara wangu," Thokozani alisema.

"Hairuhusiwi, mama. Wakijua, kibali kinafutwa."

"Basi baada ya siku kumi narudi kwetu."

Zipora, karani wa hospitali, alikuwa na jicho la kusoma maandishi madogo. Alijifungia na kanuni siku mbili, akagundua kwamba ombi lilijazwa katika kundi la kampuni za biashara. Hospitali za hisani zilitakiwa kulipa robo tu. Mhasibu wa hospitali alimwambia aache kupoteza wakati. "Ni wakati wangu," alijibu, akaliandika ombi upya.

Lakini hata robo hiyo haikuwepo.

Mwiru, muuza mitumba aliyetembea kwa mguu uliotengenezwa na Thokozani, alikuwa na ulimi wa kushawishi. Alizunguka soko zima, kila kibanda akipandisha suruali. "Aliyeutengeneza huu anaondoka. Wa kwako atautengeneza nani?" Watu wakaichangia hospitali. Ada ilipotimia, paja lake lilikuwa limechubuka hadi damu kwa kutembea.

Siku ya mwisho mvua ilibomoa daraja, na gari la hospitali likarudi na karatasi za ombi pamoja na ada. Nyamizi, muuza kuni, alivijua vivuko vyote vya mto. Alizifunga karatasi na fedha kwenye mfuko wa plastiki, akajitwika, akaingia maji ya kifua. Alifika ofisi ya vibali, ofisa akifunga mlango.

"Njoo kesho, dada."

"Kesho fundi wetu hayupo." Akaketi kizingitini, akilowesha sakafu. Ofisa alimtazama, kisha akafungua tena.

Kibali kikatoka, kwa sharti moja: Thokozani amfundishe mwananchi mmoja, mmoja tu, ambaye baada ya miaka miwili atashika kazi yake na mshahara wake. Jina la mwanafunzi huyo liandikwe kwenye fomu siku kibali kinapofika hospitalini.

Wakaja wote watatu.

"Miaka kumi na miwili naandika barua za wengine," Zipora alisema. "Nataka mikono yangu itengeneze kitu."

"Mimi najua mguu unaumia wapi," alisema Mwiru. "Hilo halifundishwi."

Nyamizi alisema, "Ng'ambo ya mto kuna watu tisa wanaotambaa. Nani mwingine atavuka kuwafuata?"

Daktari akamgeukia Thokozani.

"Angekosekana mmoja wao nisingekuwa hapa," alisema. "Nitamfundisha yeyote kwa moyo wote. Ila kuchagua, siwezi."

Daktari akaishika fomu. Nafasi ya jina ilikuwa mstari mmoja, na hakuna kati ya wale watatu aliyerudi nyuma hata hatua.

Haya, jamani. Bila Zipora ada isingelipika, bila Mwiru isingelipwa, bila Nyamizi isingefika. Ungekuwa wewe Daktari Mughanga, ungeandika jina la nani? Na wale wawili ungewaambia nini?