Tirza na Agano la Ndama

Katika zama za Sedekia, mfalme wa mwisho wa ukoo wa Daudi kukalia kiti cha enzi cha Yerusalemu, alikuwako tajiri wa mafuta ya zeituni, jina lake Azrikamu, mwenye nyumba ya ghorofa mbili na ndevu za manukato na moyo mgumu kama jiwe la kusagia. Nasema mapema ili msije mkamwonea huruma bure. Na Azrikamu alikuwa na pete ya shaba aliyoirithi kwa babu zake, na ndani yake alifungwa jini aitwaye Zaubari, mmoja wa majini waliobeba mawe ya Hekalu siku za Sulemani, na tangu Sulemani afariki, na ufalme upasuke vipande viwili, na kipande cha kaskazini kimezwe na Waashuri, Zaubari alikuwa angali akitumika, akihama kidole hata kidole, wafalme wakija na wafalme wakienda.

Na nyumbani humo mlikuwa na mjakazi, Tirza, Mwebrania kama bwana wake, aliyeuzwa na baba yake mwaka wa njaa. Na sheria ya watu wale, waliyopewa walipotoka utumwani Misri, ilisema wazi kwamba Mwebrania akimtumikia Mwebrania mwenzake miaka sita, mwaka wa saba aachwe huru, tena asiondoke mikono mitupu. Tirza alikuwa ametumika miaka kumi na minne. Kila alipouliza, Azrikamu alimjibu kwa upole kwamba mwaka huu mambo si mazuri, asubiri mavuno. Na Tirza hakutaka dhahabu wala mume, alitaka kurudi kijijini kwao Tekoa kwa mama yake angali hai.

Basi Wababeli wakaja na majeshi yao, wakauzingira mji, na mkate ukaadimika, na ndipo wakubwa walipomkumbuka Mungu. Makubwa haya! Miaka yote hiyo walikuwa hawana nafasi. Mfalme akaamuru kila mwenye mtumwa Mwebrania amwachilie, na wakubwa wakakusanyika Hekaluni, wakachinja ndama, wakampasua vipande viwili, wakapita katikati ya vipande, kila mmoja akiapa kwamba akilivunja agano hilo naye afanywe kama ndama yule. Azrikamu alipita pia, ameinua kanzu isiguse damu. Wako waliosema ni toba, lakini mimi nasema vinywa vya kulisha vilikuwa vimezidi.

Aliporudi nyumbani, jini alitoka petini na kusimama mbele yake.

“Ewe bwana wangu,” alisema Zaubari, “Sulemani alinifunga kwa agano, na pete hii haina nguvu ila kidoleni mwa mwenye kushika maagano. Leo umeapa mbele ya Mungu. Siku utakapolivunja neno lako utaniamuru mara moja ya mwisho, na baada ya hapo mimi sina bwana.”

Azrikamu akamjibu kwamba aondoe shaka, na siku ile alisema kweli, kwa kuwa alikuwa anaogopa, na watu wengi huwa wema sana wakiogopa.

Hazikupita siku nyingi, jeshi la Farao likapanda kutoka Misri, na Wababeli wakaondoka kwenda kulikabili. Malango yakafunguliwa, watu wakacheza barabarani. Tirza, aliyekwisha kuachiliwa, akatembea kwa miguu hadi Tekoa, akamkuta mama yake yu hai lakini amepofuka, na akakaa naye siku kumi na moja, akipika anachotaka na kuamka jua limeshapanda.

Kule mjini hofu ilikuwa imeisha, na toba ikaisha nayo. Mke wa Azrikamu alilalamika kwamba mikono yake inachubuka kwa kusaga. Jirani mmoja akamrudisha mtumwa wake, na wa pili akafuata, na Azrikamu akasema kwamba yeye hatakuwa mjinga peke yake katika mtaa mzima. Akaisugua pete, akamwamuru jini amlete Tirza. Zaubari alimuuliza mara tatu kama amefikiri vizuri, na mara tatu Azrikamu akamwambia aache maneno.

Jini akamkuta Tirza akimchana mama yake nywele, akamnyanyua kwa upepo na kumweka Yerusalemu mbele ya jiwe la kusagia. Papo hapo pete ikavunjika.

“Nawe sasa u huru,” Tirza akamwambia jini, akilia. “Nirudishe.”

“Nikikurudisha kwa upepo kesho atakufuata, maana uwezo wangu ni juu ya mawe na pepo, si juu ya wanadamu,” alijibu Zaubari, naye aliona haya. “Mimi nilifungwa na mfalme, na mfalme amekufa. Wewe umefungwa na ndugu yako Mwebrania, na ndugu yako yu hai.” Akapaa, na hakuonekana tena.

Jeshi la Farao likarudi kwao, na Wababeli wakarudi Yerusalemu, na safari hii ukuta ukabomoka, na Hekalu likateketea kwa moto, na watu wakafungwa kamba wakapelekwa Babeli. Azrikamu na Tirza walifungwa kamba moja. Mke wa Azrikamu alifia njiani, na mama yake Tirza hakusikia habari za mwanawe tena.

Wakapewa bwana mmoja aitwaye Nabuzeri, na kazi yao ikawa kuchimba mfereji. Mwaka wa saba ulipoingia, Azrikamu, mgongo umepinda na ndevu zimejaa tope, alimwangukia Nabuzeri miguuni na kumweleza kwa maneno ya adabu sheria tukufu ya baba zake. Nabuzeri alikuwa mtu wa kupenda kusikia desturi za wageni.

“Ni sheria njema,” alisema. “Mmoja wa watu wa nyumba yako athibitishe kwamba ilishikwa nyumbani mwako, nami naapa kwa miungu yangu, nitawaachilia wewe na yeye.”

Wa nyumba ya Azrikamu alikuwa amebaki mmoja tu. Azrikamu akamwendea Tirza, akamshika mkono, akamwita binti yangu, jambo ambalo hajapata kulifanya, na akamsihi aseme neno moja. Tirza akatua kikapu cha udongo. Aliutaka uhuru ule kwa roho yake yote.

“Sheria ilikuwapo, bwana wangu,” alisema. “Mimi nilimtumikia huyu miaka kumi na minne, na aliponiachilia nilikaa huru siku kumi na moja.”

Nabuzeri akawaambia warudi kazini.

Arusi hamna katika hekaya hii, wala hazina. Miaka mingi baadaye Koreshi, mfalme wa Waajemi, aliwaruhusu watu wale kurudi kwao, nao walirudi wakiimba, lakini Tirza na Azrikamu walikuwa wamekwisha kuzikwa kando ya mfereji. Anayetaka mawaidha na achukue haya: ukiwa na mtu wa kumwachilia, mwachilie leo, kabla hujamhitaji awe shahidi wako.