Aliyetumwa Mferejini

Mtu mmoja alikuwa na kazi ya kutembea mfereji. Jina lake Mrindoko. Mfereji wenyewe ulitoka mlimani, mwendo wa asubuhi nzima, na mahindi na maharage ya kijiji kizima yaliishi kwa maji yake. Maji yakipungua, Mrindoko alitakiwa kuufuata mpaka kwenye chemchemi, aone kuna nini, kisha arudi barazani awaambie watu, nao wachukue majembe.

Mwaka mmoja, mahindi yakiwa yameanza kutoa mbelewele, maji yakakatika. Mrindoko akaondoka alfajiri. Kwenye kona ya kwanza akamkuta Nakijwa, mjane, ameketi katikati ya maharage yaliyonyauka, mjukuu mgongoni, analia. Akasimama. Akamuuliza anajisikiaje, na mtoto amelala njaa siku ngapi. Mama wa watu akainua mkono kuelekeza mlimani. Mrindoko akadhani anamwomba Mungu, na moyo ukamchoma kweli. Hakuwa mtu mbaya. Akageuza njia, na saa mbili asubuhi alikuwa barazani.

Alisimulia, jamani, na alijua kusimulia. Alipofika kwenye ule mkono ulioinuliwa, wanawake walijifunika khanga usoni na wanaume wakajikohoza. Wakachanga unga na ndoo mbili za maji ya kisima, wakampelekea Nakijwa, wakarudi majumbani wameridhika. Habari za majembe hakuna aliyeziuliza.

Wiki ya pili akarudi kwa Nakijwa. Safari hii macho ya mama yalikuwa makavu, ikabidi amkumbushe marehemu mumewe mpaka machozi yakaja. Wiki ya tatu watu walikwisha kumchoka Nakijwa, kwa hiyo akamtafuta kiwete mmoja aliyefiwa na mbuzi wake. Wakalia tena. Ile kona Mrindoko hakuivuka hata mara moja, na aivuke akafuate nini? Huko juu kulikuwa na mawe na miiba tu. Hakukuwa na wa kulia.

Wiki ya nne Nakijwa alimwona akija, akamzuia njiani.

"Mwanangu, umeniuliza nalia vipi na nimelia mara ngapi. Hata siku moja hujaniuliza maji yamekatikia wapi."

Alikuwa anapajua tangu siku ya kwanza, na ndiko alikoelekeza mkono. Udongo ulikuwa umeporomoka kwenye kona ya pili, ukauziba mfereji, na peke yake hakuuweza. Habari hiyo ikafika barazani, watu wakapanda na majembe, na kufika mchana walikuwa wameshauzoa wote. Maji yakashuka, yakaingia mashambani, yakakuta mabua yamekauka. Mwaka ule njaa ilipiga hodi kila nyumba, na kwa Mrindoko vilevile.

Sasa ninyi mnaoletewa kila siku habari za walioumia, mkalia, mkachanga: ni nani kati yenu amewahi kumuuliza aliyezileta aliishia wapi?