Kwa Nini Kuku Huinama Mlangoni

Kulikuwa na wakati ambapo kuku alipita mlangoni kichwa juu. Mlango uwe mfupi au mrefu, yeye alipita tu, kwa sababu hapajapata kuwa na mlango uliomgusa kichwa. Leo mmemwona kuku akiinama chini ya mlango wa ghala, mlango ambao mtu aliyejitwika gunia hupita bila kulitua, nanyi mmecheka. Sikuwakataza. Lakini kuinama kule hakukuanza kwa kuku. Kulianza kwa mtu, na mtu huyo alikuwa na jina. Aliitwa Msabila. Wapo wanaosimulia kwamba alikuwa Mihambo. Hapana. Mihambo alikuwa jirani yake, wala hakutenda ubaya wowote. Si haki kumbebesha marehemu aibu ya mwenzake.

Msabila aliishi Itobela pamoja na mkewe, Kalunde binti Lusangija. Nyumba zote za Itobela zilikuwa tembe zenye milango mifupi, na kila aliyeingia, hata mzee wa ukoo, aliinama. Msabila, aliyekuwa mrefu, alijikatia mlango uliozidi kimo chake kwa mkono mzima. Akasema, "Mimi kwangu siinami." Watu walitabasamu, wakamwacha.

Itobela walijua kufuga kuku. Walipaka majivu chini ya mabawa ili kuua utitiri. Walikatakata shubiri na kuitia katika maji ya kunywa. Jioni walifunika chungu chenye samadi na mabua juu ya kichuguu, na asubuhi wakakifunua kimejaa mchwa, chakula cha vifaranga. Maarifa hayo yaliwatosha miaka mingi, mpaka mwaka ulipokuja mdondo. Kuku walisinzia, wakapinda shingo, wakafa. Majogoo wote waliisha, na watu wakawa wanaamshwa na jua.

Alibaki koo mmoja tu, wa kijivu, aliyeitwa Kishungi. Alikuwa kuku wa Kalunde, naye alipona kwa kuwa Kalunde alikuwa amemfungia ndani alipoanza kutaka kuatamia. Basi wale majirani waliokuwa bado na mayai walikuja nayo. Mjane Nyamizi alileta manne, akayachora mstari mmoja wa mkaa. Mihambo alileta manne, yake akayachora mistari miwili. Kalunde aliongeza matatu yake bila alama. Alichukua chungu kilichopasuka, akatia mchanga na majivu, akatandika majani ya tumbaku na nyasi kavu juu yake, akayapanga mayai yote kumi na moja. Kishungi akaketi. Kuku wote wa Itobela waliokuwa bado hawajazaliwa walikuwa chini ya tumbo lile moja.

Sasa, kwetu kuku anayeatamia hachinjwi. Hata mtemi akija, hachinjwi. Na kwetu pia baba mkwe akija huchinjiwa kuku, na firigisi huwa yake. Desturi hizo mbili zilikaa pamoja tangu zamani bila kugombana, hadi siku ya kumi na nne ya Kishungi kuatamia, Lusangija alipokuja kumtazama binti yake.

Hakuna aliyetarajia kuku siku ile. Mdondo ulikuwa umepita hata kwa Lusangija mwenyewe. Kalunde alimwambia mumewe kwa sauti ya chini, "Nitampikia ugali na mboga ya karanga. Baba anajua hali ilivyo."

"Akasimulie kwao kwamba kwa Msabila alilishwa karanga kama nyani?"

"Baba yangu hana mdomo huo."

Kalunde alichukua mtungi akaenda kisimani. Aliporudi, alikuta manyoya ya kijivu nyuma ya nyumba, na Kishungi amekwisha kukatwakatwa. Mgeni alikuwa ameketi mbele ya nyumba, mahali ambapo angesikia kila neno la ugomvi. Kalunde aliona aibu kumgombeza mumewe mbele ya baba yake. Alinyamaza, akapika. Kunyamaza kule alikujutia hadi uzee wake.

Chakula kilipoiva, Lusangija alikaribishwa ndani, karibu na jiko. Alinawa. Alipewa firigisi, akaishika mkononi. Ndipo alipokiona kile chungu kilichopasuka pembeni, na mayai yenye alama za mkaa. Alinyoosha mkono wa pili, akaligusa moja. Lilikuwa limeanza kupoa.

"Mama yao yuko wapi?" aliuliza.

Mzee alilitazama bakuli. Kisha alirudisha firigisi taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha wenyewe, akanawa tena. "Kalunde, mwanangu," alisema, "nimeshiba." Aliinuka, akachukua fimbo yake, akaenda zake jua likiwa bado juu. Hakumgombeza Msabila. Afadhali angemgombeza.

Kalunde aliyafunika mayai kwa kaniki yake, akamgeukia mumewe. "Lala hapa."

"Nilale mchana huu?"

"Mama yao umemwondoa wewe. Basi atamia."

Msabila alijaribu kucheka, akaona mwenzake hacheki. Alilala chali kando ya jiko, naye Kalunde akampanga mayai tumboni, akamfunika ngozi ya mbuzi, akamzungushia majivu ya moto kiasi. Alilala hivyo siku saba. Asubuhi, mchana na jioni aliyageuza mayai yote, moja moja, kama kuku ageuzavyo. Hakugeuka ubavu, wala hakuota jua.

Siku ya tatu Nyamizi alipiga hodi. Alikuwa amekuja kuyatazama mayai yake. Alipomwona Msabila, yule mrefu asiyeinama, amelala na mayai tumboni, alishika kiuno akacheka hadi machozi. "Shemeji! Umeanza kutaga lini?"

Kisha aliziona alama zake za mkaa. Alitazama chungu kitupu, akatazama huku na huku akimtafuta Kishungi, na kicheko kikamkauka. "Hilo la pembeni ligeuze," alisema. "Linapoa." Akatoka. Msabila alisema baadaye kwamba kicheko kilimchoma, lakini maneno yale machache ndiyo yaliyomvunja.

Siku ya ishirini tangu Kishungi aketi, Kalunde alitia maji ya vuguvugu katika kibuyu kipana, akayaweka mayai yaelee. Lenye kifaranga hai hutikisika lenyewe majini. Tisa yalitikisika. Mawili yalitulia kama mawe, na yote mawili yalikuwa na mstari mmoja.

Kesho yake vifaranga tisa walitoka. Kifaranga humshika kuwa mama yule anayemwona kwanza, nao walimwona Msabila. Alipoinuka, wakainuka. Hapakuwa na njia nyingine ila awafuge yeye: awafunulie chungu cha mchwa, awachimbulie udongo kwa vidole, awafunike jua linapozama. Na kwanza kabisa ilimbidi atoke nje, ambako watu wa Itobela walikuwa wamekusanyika kungoja habari za mayai.

Alifika mlangoni pake, mlango wake mrefu, na pale chini yake aliinamisha kichwa hadi kidevu kikagusa kifua. Boriti ilikuwa juu sana. Aliinama kwa sababu hakuweza kuyatazama macho ya Nyamizi. Nyuma yake wa kwanza wa vifaranga alifika mlangoni, akainamisha kichwa, akapita. Na wa pili. Na wote tisa.

Msabila aliwatia kwenye ungo wale watatu waliotoka katika mayai yasiyo na alama, akamwambia Nyamizi kwamba sasa ni wake. Yeye hakubakiza hata mmoja. Lakini mpaka vifaranga walipokomaa wakagawanywa, yeye ndiye aliyewalea wote, na kila asubuhi alitoka akiinama, nao wakainama. Majogoo walipowika tena Itobela, Lusangija alikuja mara ya pili. Alipewa ugali na karanga. Alikula, akamaliza, akaomba aongezewe.

Na tangu siku hiyo kuku wote waliotokana na wale tisa huinamisha kichwa wanapopita mlangoni, uwe wa kibanda au wa ghala. Na tangu siku hiyo mgeni wa kwetu, kabla hajanawa, huuliza kwanza kama kuna kuku anayeatamia.

Msabila alimzaa Mlekwa. Mlekwa alimzaa Kapela. Kapela ndiye baba yangu. Nyumba yangu ni ya matofali, na mlango wake ni mrefu kuliko mimi. Nanyi mmeniona ninavyoingia.