Kata ya Mzee Ndesario

Kata ya kwanza yasifiwa na kiu. Ndivyo nilivyosema, na narudia, maana naona mmenitolea macho. Wewe Elinami umeshuka kwenye basi sasa hivi, vumbi la safari bado liko kooni. Umefungua chupa moja kati ya hizo sita ulizotuletea kutoka kwa watengenezaji wako wadogo wadogo wa pombe huko mjini, ukapiga funda moja, na tayari umetangaza mshindi! Nyingine tano zimekukosea nini? Haya, weka chupa chini. Mnauliza msemo huu umetoka wapi. Methali hii ilianza hapa hapa mlimani kwetu, na ilianza kwa mama yangu mzazi, kwa hiyo asinisahihishe mtu.

Mama aliitwa Manka. Baba alipofariki mimi nilikuwa na miaka tisa, mdogo wangu minne. Ndugu wa baba hawakuwa watu wabaya, lakini walisema wazi: kama Manka hawezi kutulisha, arudi kwa kaka zake, na sisi tugawanywe kwa baba zetu wadogo. Mama alikuwa na kishamba cha migomba na alijua kupika mbege. Hakuwa na kingine.

Mwaka huo wazee walijenga kilabu karibu na soko, wakasema mwanamke mmoja tu ndiye atakayepika pombe ya siku za soko. Walijitokeza watatu. Kulikuwa na Mama Ndelilia, mkubwa wao. Kulikuwa na Mama Aikande, mtu mpole, ambaye ungeweza kukaa naye asubuhi nzima ukasahau kwamba yupo. Na mama yangu, mdogo wao.

Mbege, kama bado mnakumbuka huko Dar, ni ndizi mbivu zilizochemshwa, kimea cha ulezi, na gome la mseseve la kutia uchungu. Vitu ni vile vile, lakini nyumba mbili hazitoi mbege moja. Huyu huvundika ndizi siku sita, yule siku nane. Huyu kimea chake ni kizito kama uji, yule anapenda kichujike. Ndiyo maana wazee walitaka mwamuzi, wakamchagua Mzee Ndesario. Mzee huyo aliweza kuonja mbege akakwambia ndizi zilikatwa shamba gani. Watu walimwamini sana, na yeye alijiamini kuwazidi.

Siku yenyewe alikuwa tambarare anavuna mahindi. Akaupanda mlima jua la saa nane, na hakusimama hata mferejini anywe maji, maana alijua anakokwenda kuna vyungu vitatu.

Sasa sikilizeni desturi. Mpishi hutangulia kunywa kidogo mbele ya watu, waone kwamba hakuna baya ndani. Kisha mzee hupokea kata, kile kibuyu cha kunywea, kwa mikono miwili, na kata ya kwanza ya heshima haachi nusu. Na mkubwa humtangulia mdogo. Desturi nzuri, siidharau, lakini siku ile ilimponza mtu.

Mama Ndelilia akatangulia. Mzee akaipokea kata, akainywa yote bila kupumua, akafuta ndevu.

"Aisee!" akasema. "Hii ndiyo! Hapa kazi imekwisha."

Ya Mama Aikande akanywa nusu, akatikisa kichwa tu. Ilipofika zamu ya mama, tumbo la mzee lilikuwa limejaa. Akagusa kwa mdomo, akakunja uso. "Mseseve umezidi, binti yangu." Akamgeukia Mama Ndelilia kumpongeza, na watu wakaanza kupiga vigelegele.

Mimi nilikuwa nimeshika kitenge cha mama. Niliogopa kuliko siku ya mazishi, kwa sababu nilijua kesho yake nitalala nyumba nyingine. Mama akapiga goti.

"Baba, nina ombi moja."

"Unataka niionje yako tena?"

"Hapana, baba. Yangu iache. Naomba uionje tena ile uliyoisifu."

Watu wakaguna. Mzee akakunja uso. "Manka, unataka kunifundisha pombe mimi?"

"Nitakufundisha nini, baba? Nakuongezea tu."

Watu wakacheka, na mzee naye ikambidi acheke, maana nani aliwahi kukataa kata ya pili? Akaipokea. Safari hii hakuwa na haraka. Akanywa funda, akalizungusha mdomoni. Akanywa jingine. Kisha akaiweka kata chini, na uso wake ukabadilika.

"Ina maji," akasema polepole. "Kimea hakikutosha. Mama Ndelilia, unisamehe, na nyote mnisamehe. Nilipanda na kiu, nikaisifu kiu yangu mbele za watu. Tutaonja upya kesho asubuhi, na nitakunywa maji kwanza."

Hapo nilimpenda mzee yule, kwa sababu ni wachache wenye sifa kama yake wanaokubali kuaibika hadharani.

Kesho yake alikunywa maji, akasukutua, akaonja kidogo kidogo, akirudi nyuma na mbele. Najua mnasubiri niseme mama alishinda. Thubutu! Mzee alimwambia vile vile: mseseve umezidi. Aliyeshinda ni Mama Aikande, yule ambaye jana yake hakuna aliyemkumbuka.

Mama alirudi nyumbani, akachota kata moja ya mbege yake, akainywa, akanywa na ya pili. Akaanza kulia. "Mzee amesema kweli," akaniambia. "Tangu baba yako afariki nimekuwa nikizidisha mseseve, na sikujua."

Tukiwa bado tumekaa hivyo, akaingia Mama Aikande na mkungu wa ndizi kichwani. Hakupiga hodi mara mbili.

"Manka, jana ungeweza kujiombea wewe," akasema. "Umeniombea mimi bila kujua. Siku za soko ni nyingi, mikono yangu ni miwili. Njoo tupike wote. Ila mseseve nitatia mimi!"

Mama akacheka huku analia. Wakapika pamoja miaka kumi na tisa, na mimi na mdogo wangu tulikulia chini ya paa moja na mama yetu. Elinami, kata ya pili ya pombe ya mtu mwingine ndiyo iliyonilea mimi, nami nikamlea baba yako.

Basi nenda jikoni ukanywe maji, mjukuu wangu. Chupa zako zote sita tutaziona, moja moja, na hiyo ya kwanza tutairudia. Kata ya kwanza yasifiwa na kiu.