Simbilisi wa Mzee Kajiru

"Heshima haimkojoeshi mgonjwa." Mmeisikia leo pale bombani, mkacheka mpaka mmoja wenu akamwaga maji. Chekeni tu. Mkojo huchekesha mpaka siku unapokataa kutoka. Sasa tueni ndoo zenu, maana neno hili lina chanzo chake, na chanzo chenyewe ni hiki.

Hapa hapa milimani Upare aliishi mgane mmoja, Mzee Kajiru. Mkewe, Nakunda, alipofariki alimwachia masufuria matatu, kitambaa cheupe cha meza, na simbilisi mmoja. Simbilisi mnawajua: wale wanyama wanono wasio na mkia, wanaofugwa jikoni na kuishia sufuriani. Lakini huyu Nakunda alikataza asichinjwe. Alimwita Mwenyekiti, kwa sababu alikuwa mnene, alikaa tu, na alipiga kelele chakula kikichelewa.

Tena alikuwa na tabia moja. Zamani Kajiru akirudi kutoka shambani na kupiga hodi, Nakunda aliitika "Karibu" huku akimtupia mnyama jani. Basi Mwenyekiti akajifunza kupiga mluzi kila asikiapo hodi. Nakunda alipozikwa, mzee aliendelea kupiga hodi kwenye nyumba yake mwenyewe. Watu wakasema uzee umemwingia kichwani. Hawakujua kwamba mle ndani bado kulikuwa na wa kuitika.

Siku moja mluzi ulitoka umekatika. Mzee akainama, akamkuta Mwenyekiti amejikunja mgongo, analia kila anapojaribu kukojoa, na majani aliyolalia yana matone ya damu.

Jirani mmoja akamwambia, "Mboga ikiugua huchinjwa, mzee, haiuguzwi." Kajiru akatoka njiani. Alimvizia bwana mifugo, Mbonea, aliyekuwa akipanda mlimani kuangalia ng'ombe. Mbonea alimpapasa mnyama tumbo polepole, akatikisa kichwa.

"Ana vijiwe kwenye kibofu, mzee. Bado vidogo. Nakuachia dawa hii ya maji, na bomba hili la sindano lisilo na sindano, umnyweshee maji matone matone kutwa nzima. Umpe ukoka mbichi uliolowa. Mkande tumbo kwa kitambaa cha vuguvugu. Na mchicha, hata jani, usimpe. Ndio unaokuza vijiwe. Nitarudi siku ya tano. Akiwa anakojoa vizuri, amepona."

"Na akila mchicha?"

"Nitakuwa nimepanda mlima bure."

Mzee Kajiru akatandika kile kitambaa cheupe cha Nakunda chini ya mgonjwa, apate kuuona mkojo vizuri. Siku ya kwanza ulikuwa mwekundu. Siku ya pili ulikuwa kama chai iliyozidi maziwa. Mzee hakwenda shamba. Alikaa chini, miguu imenyooshwa, Mwenyekiti mapajani, tone, subiri, tone, subiri. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Hapo majirani wakamwonea huruma. Laiti wangeendelea kumcheka!

Maana desturi yetu wakati ule ilikuwa hivi: anayekuja kumjulia hali mgonjwa haji mikono mitupu, na alicholeta huonjwa palepale, mbele ya macho yake. Usipokionja, umemwita mchawi bila kufungua mdomo. Na mlinzi mkuu wa desturi hiyo alikuwa nani, kama si Kajiru mwenyewe? Mama mzazi wa jirani yake, Mama Tumsifu, alipokuwa kitandani, alikataa uji wa maziwa wa Kajiru kwa sababu zahanati ilimkataza maziwa. Kajiru alinuna mwaka mzima, hata salamu akawa anazijibu akitazama mawingu.

Sasa siku ya tatu, nani alikuwa wa kwanza mlangoni?

"Hodi hapa! Nasikia Mwenyekiti kalazwa!"

Mwenyekiti akapiga mluzi hafifu.

"Umemsikia? Ananikaribisha kuliko wewe," akasema Mama Tumsifu. "Nimemletea mchicha, nimeuchuma sasa hivi."

"Umefanya vyema, mama. Uweke pale juu."

"Niuweke juu? Kwani mgonjwa haonji?" Mama Tumsifu akacheka, lakini macho yake hayakucheka. "Au lile la uji halijaisha, Baba? Nilidhani tulishapatana."

Kajiru akahisi uso unamchoma. Akachukua jani moja, dogo kuliko yote, akalinyoosha. Mwenyekiti akalila kwa furaha, masharubu yakicheza.

Jani moja haliui, mzee akajiambia.

Lakini ukishaonja cha mmoja, cha wa pili utakikataaje? Mchana akaja mzee wa kanisa na mchicha. Jioni wakaja wanakwaya, kila mmoja na kishada chake. Siku ya nne njia ilikuwa kama ya kwenda gulioni. Kila mara hodi, kila mara mluzi. Mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwakaribisha. Usiku mzee alizidisha maji na dawa, kama mtu anayechota maji kwenye mtumbwi unaojaa.

Wa mwisho siku ile alikuwa mwali, ana miezi mitatu tu tangu aolewe. Hakujua kipimo, akawa ameng'oa tuta zima la mchicha wa mama mkwe wake. Akapiga goti, akautoa kwa mikono miwili, udongo bado uko kwenye kucha. Kajiru akafungua mdomo kusema, "Mwanangu, amekatazwa." Neno lilifika kwenye meno. Akautazama ule udongo, akasema, "Ahsante, mwanangu."

Alfajiri ya siku ya tano akainua kitambaa. Siku zote hizo alikuwa akiomba asione damu. Hakuona damu. Hakuona kitu. Kitambaa alichokifua jana kilikuwa kikavu, cheupe kama siku Nakunda alipokinunua.

Mbonea alipofika akagusa tumbo, akalikuta gumu kama kokwa la embe.

"Nani kampa mchicha?"

"Watu."

"Hukuwaambia?"

"Niliona haya."

Mbonea akafunga mkoba wake. Kabla ya adhuhuri Mwenyekiti alikata roho kwenye kiganja cha mzee, mdomo wazi, bila mluzi.

Alipomaliza kumfukia nyuma ya jiko, majirani walikuwa wameshajaa uani, Mama Tumsifu mbele na sahani ya makande.

"Pole, Baba. Onja kidogo, upate nguvu."

Kajiru akaitazama sahani, akawatazama mmoja mmoja.

"Leo sionji," akasema. "Niliwaheshimu ninyi wote, na mimi nikijiheshimu. Yeye alikuwa anahitaji kukojoa. Heshima haimkojoeshi mgonjwa."

Hakuna aliyenuna. Mama Tumsifu aliiweka sahani chini, akajifunika uso kwa khanga. Tangu hapo, kijijini kwetu, mgeni husimama kwanza mlangoni akauliza, "Amekatazwa nini?" Na yule mwali wa tuta zima, msiniulize jina. Ni kikongwe sasa, meno ya mbele hana. Mmekula kwake miaka yote, na hamjajiuliza kwa nini hapandi mchicha.

Lakini kwa Kajiru desturi mpya ilikuja imechelewa. Kesho yake alikwenda shamba, akarudi jua likizama, jembe begani. Akasimama mbele ya mlango wake, akapiga hodi. Akasubiri. Akapiga ya pili. Akapiga ya tatu, kwa adabu, kama mgeni. Na mgeni mwenye adabu, hodi ya tatu isipoitikiwa, hugeuka akaondoka. Mzee akageuka. Majirani walimwona amekaa juu ya jiwe uani, jembe bado begani, na hakuna aliyethubutu kumwambia aingie ndani.

Sasa jitwisheni ndoo zenu. Na atakayecheka, acheke akijua: heshima haimkojoeshi mgonjwa.