Njia ya Kwenda kwa Jini Barkashi

Alikuwako katika mji wa Lulumani sultani aitwaye Fakhri bin Muadhamu, mwenye majumba ya marmari na mabustani ya mikomamanga, na waziri wake alikuwa Shaddadi, mtu wa haraka asiye na kifani, hata watu wa baraza wakasema huitikia salamu kabla haijatolewa.

Ikawa sultani akashikwa na maradhi yaliyomkausha ulimi na kumnyima usingizi, na matabibu wakasema, "Haponi ila kwa maji ya chemchemi ya jini Barkashi, iliyoko mwisho wa njia itokayo lango la mashariki." Shaddadi akapanda farasi akatimua mbio, na vumbi lilipotua akajiona yuko mbele ya lango lile lile. Akageuza farasi, akaenda mbio zaidi, na lango likamjia tena usoni, na walinzi wakamwamkia kama mtu aliyetoka safari. Akashuka akakaa juu ya jiwe, hajui kama amerogwa au amerukwa na akili.

Hapo akatokea Bi Mahfudha, binti wa sultani, mjane, na mwanawe Nargisi, aliyeanza kutembea juzijuzi tu. Nargisi akamshika waziri kidole, akamvuta kuelekea njiani.

"Niwie radhi, Bibi," akasema Shaddadi, "sina wasaa wa kucheza, na baba yako yu taabani."

"Farasi wako amechoka, Waziri," akajibu Bi Mahfudha, na macho yamemvimba kwa kulia. "Nenda naye hatua chache. Tangu mzee augue hakuna aliyemtazama mtoto huyu."

Wakaenda. Mara Nargisi akachuchumaa. "Nini?"

"Konokono. Haya, twende."

"Nini?"

Shaddadi naye akachuchumaa, akaona gamba lina mistari ya rangi ya asali, imezungushwa kwa ufundi asio nao sonara yeyote. Alipoinua kichwa, lango halikuonekana tena. Kwa furaha akampakata mtoto akatoka mbio, na kabla hajameza mate, lango hilo mbele yake, na Bi Mahfudha amesimama.

"Mmerudi upesi!"

"Wallahi, Bibi, sijui kama nilikwenda."

Akamweka mtoto chini, akafuata kidole chake kilikoelekeza. Wakatazama siafu waliobeba bawa la nyuki, na utando wa buibui uliojaa umande, na Nargisi akakicheka kivuli chake, na waziri akakiona chake pia, wala hakukumbuka alikiona lini mara ya mwisho. Moyo ukamwambia sultani anakufa, na miguu ikakataa kuharakisha, akawa analia na kucheka pamoja.

Ndipo wakafika chemchemini, na jini akasimama juu yao mrefu kuliko mnara. "Ewe mwanadamu, umeona nini njiani?"

Hotuba ya kifalme aliyoiandaa ikamtoroka. "Konokono," akasema, "na siafu, na, ee bwana wa majini, kivuli changu. Lakini sijui maana yake."

"Nami sikukuuliza maana," akasema jini, na sauti ikalainika. "Wengi wamenikimbilia, hakuna aliyenitembelea. Chota."

Waziri akachota, na Nargisi akamnyooshea jini kokoto, na jini akainama akaipokea kwa mikono miwili kama hidaya ya mfalme.

"Nitafikaje kwa sultani kabla hajafa?" akauliza waziri.

"Sasa kimbia," akasema jini.

Akampakata mtoto, akakimbia, na lango likamjia.

Sultani akanywa akapona, akamwambia waziri achague atakalo, naye akamposa Bi Mahfudha. Bibi mwenyewe alipoulizwa akasema, "Nimeridhia, maadamu amejifunza kuchuchumaa." Wakaozwa, wakapewa mashamba na nyumba ya ghorofa, wakaishi kwa neema. Na watu wa Lulumani huusiana hivi: dunia haimfichi mtu kitu, ila yeye huipita.

Shaddadi hata uzeeni aliulizwa siri ya njia ile, akajibu, "Siijui, muulizeni Nargisi." Wakamwendea Nargisi, naye amekuwa mwanamwari, akafikiri sana, na hakukumbuka chochote.